Turubai la Kijani na Sekunde Ishirini na Nne

Shangazi yangu Zuhura alipofariki mwaka huu, kabla hata sijamlilia, nilitoka uani nikaenda kutazama kama turubai la kijani liko garini. Lilikuwapo. Lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba juu ya vyuma vyake vya kusimamishia, kama linavyokaa siku zote, nami nikasimama pale nimelishika kwa mikono miwili mpaka binamu yangu mmoja akaja kuniuliza kama naona kizunguzungu. Sikuwa na kizunguzungu. Nilikuwa nafanya alivyonifundisha marehemu, kwamba kwenye msiba kivuli kitangulie, machozi yatafuata yenyewe. Saa moja baadaye watu wa kwanza walifika wakakuta pa kukaa. Mchana akaja Maganga. Maganga ni fundi wa magari, Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo kwetu sisi Wazaramo ni mtani, na mtani akiingia msibani hakuna wa kumwambia nyamaza. Siku hizi ana mvi na kitambi. Alichomoa kanga ya Shangazi kwenye kamba ya nguo, akajitanda, akapanda gari upande wa abiria, akashika dashibodi kwa mikono yote miwili, akafumba macho na kuanza kutikisa midomo kama mtu anayesoma dua zote anazozijua na nyingine anazozitunga papo hapo. Watu walicheka sana. Walidhani anamwigiza bibi mwoga wa gari. Mimi nilianza kwa kucheka na wenzangu, halafu kilio kikanipata hapo hapo, nikiwa nimeshika sinia la vikombe, na ikabidi nipokewe sinia. Yeye na mimi tu ndio tuliokuwa tukijua anaigiza siku gani.

Mwaka wenyewe nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nani alinizaa na ilikuwaje nikafika Temeke kwa Shangazi, hayo nayaacha. Itoshe kusema nililala chumba kimoja na viti. Shangazi alikuwa anakodisha viti, maturubai na masufuria ya shughuli, na stoo ilipojaa viti vilihamia chumbani kwangu, vikapangwa ukutani, vyeupe upande mmoja na vya bluu upande mwingine, hadi karibu na dari. Usiku joto likizidi vilikuwa vinalialia vyenyewe, na mgeni akilala pale hushtuka akidhani kuna mtu kakaa. Harufu ya chumba ilikuwa ya plastiki, ya moshi wa kuni na ya bizari nyembamba, kwa sababu dirisha lilitazama uani ambako Shangazi alipika pilau za watu. Nguo zangu zilinuka pilau mwaka mzima. Kijana mmoja aliyetaka kunioa aliwahi kuniambia kwamba kila akikaa karibu nami anasikia njaa, na mpaka leo sijui kama ilikuwa sifa.

Kazi yangu ilikuwa dereva. Gari lilikuwa dogo la mizigo, lenye kichwa kifupi na bodi nyuma, lile ambalo mji mzima unaliita kirikuu. Injini yake iko chini ya kiti, ukiendesha mwendo mrefu mapaja yanaiva. Shangazi hakujua kuendesha hata baiskeli, lakini ni yeye aliyenifundisha. Fundi Maganga alinionyesha gia na klachi kwa wiki moja, kisha Shangazi akasema sasa anza kujifunza. Aliweka nyuma sufuria la maji lililojaa mpaka ukingoni, akapanda pembeni yangu, tukatoka Tandika mpaka Mtongani na kurudi. Maji yaliyomwagika nilitakiwa kuyachota upya bombani kwa kichwa, na siku za mwanzo nilichota ndoo nne. Mwezi wa pili yalikuwa hayamwagiki. Nilijifunza kuiachia klachi kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia, na kuanza kupunguza mwendo kabla tuta halijafikiria kunifikia. Pilau la watu mia mbili lilikuwa linafika ukumbini na mafuta yake yametulia juu. Hii ndiyo iliyokuwa elimu yangu ya juu, na sioni haya kusema niliipata kwa daraja la kwanza.

Sheria ya pili ilikuwa ya turubai. Tulikuwa na maturubai matatu, na lile la kijani, jipya kuliko yote, halikuwa linashuka garini. Likitumika lilirudi garini siku ile ile, na kama gari limebeba viti, basi viti vilipangwa juu yake. "Harusi ina kadi," Shangazi alikuwa akisema. "Msiba hauna kadi." Kwetu mtu akifa alfajiri anazikwa siku ile ile, na mtaa mzima unakuja kukaa mlangoni kwake. Jua la Dar es Salaam halimwonei huruma mfiwa. Kwa hiyo Shangazi alikuwa anajisifia jambo moja tu maishani, kwamba tangu aanze kazi ile hajawahi kufika msibani akakuta watu wamekaa juani. Hakuwa tajiri na wala hakuwa na mtoto. Jina lake lilikuwa hilo turubai.

Sasa mimi nilikuwa na ugonjwa wangu, ugonjwa wa kutaka kujua. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeliendesha lile gari bila kuufikisha mguu wangu wa kulia mwisho hata mara moja. Nilijua pedali inapoanzia, sikujua inapoishia. Nilikuwa najiuliza swali hilo hata nikiosha vyombo. Kisha siku moja nipo gereji kwa Maganga, nimekaa kwenye benchi nyuma ya ukuta wa mabati nasubiri breki zikazwe, nikamsikia akiongea na Naufali. Naufali alikuwa kijana wa Kiarabu, nyumbani kwao wanauza vipuri Kariakoo, na alikuwa na gari dogo jekundu lililokuwa linakohoa mtaa mzima ukasikia.

"Jumapili tupo tena Kigamboni," Naufali alisema. "Ile barabara ya viwanja. Wamiliki wenyewe wametupa ruhusa, ilimradi tusiache chupa."

"Wangapi?"

"Wanne, watano. Mita mia nne tu, braza. Lakini mie siku hizi nachoka, kila mtu anajua gari yangu itashinda. Ndo mwalimu kaleta ule mtindo wa kutaja."

Mtindo wa kutaja ulinifanya nisimame. Nilitoka nyuma ya mabati nikauliza ni nini, na kwa vile Naufali alikuwa mtu wa maneno, alinieleza yote. Mwalimu mmoja wa michezo wa sekondari alikuwa na saa ya kupimia wakimbiaji. Kila dereva anaandika kwa chaki kwenye kioo chake sekunde atakazotumia kumaliza mita mia nne. Mwenye gari la polepole anaachiwa aondoke kwanza, kwa tofauti ya sekunde zao. Mshindi si wa kwanza kufika. Mshindi ni aliyekaribia zaidi kile alichoandika, na ukikimbia upesi kuliko ulivyoandika, hata kwa nukta, umejidanganya mwenyewe na umetoka.

"Kwa hiyo hata hii inaweza," nilisema, nikaonyesha kirikuu.

Naufali aliliangalia gari letu, na maandishi ya SHUGHULI NI WATU ubavuni. "Dada, hiyo hatutaipima kwa saa. Tutaipima kwa kalenda."

"Sheria haijataja gari," Maganga alisema, akiwa bado amelala chini ya gurudumu.

Ilikuwa mwanzo wa wiki. Ijumaa yake alikuja kula kwetu Bi Sikudhani, kama ilivyokuwa kila Ijumaa. Huyu alikuwa shoga wa Shangazi tangu utotoni, walichezwa unyago mwaka mmoja, waliolewa mwaka mmoja, na walikuwa wanaongea kwa namna ambayo mtu wa tatu alikuwa anakaa kimya kwa hiari yake. Walikula chumbani kwa Shangazi, mkekani, mbele ya kitanda cha mbao chenye shuka iliyodarizwa ambayo haikuwahi kulaliwa. Wali wa nazi, changu wa kukaanga, mchicha, na pilipili ya kusaga ambayo Bi Sikudhani aliileta mwenyewe kwenye kijaluba cha bati kwa kuwa hakuiamini ya mtu mwingine. Mimi nilikuwa nje ya pazia nasugua sufuria, nawasikia.

"Zuhura, mie nikitangulia nataka lile la kijani," alisema Bi Sikudhani. "Usije ukaniletea lile jeupe lina matundu kama chekecheke, watu waungue utosi halafu wanisengenye na kufa nimekufa."

"Wee tangulia tu. Litakuwa limefika kabla hujapoa."

"Utaapa?"

"Kula samaki, shoga yangu. Unakufa huku unatafuna?"

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Kisha Bi Sikudhani akapaza sauti kuelekea pazia. "Na wee Tatu, si ndo utakayelileta? Njoo nalo mapema. Mie watu wangu hawajazoea jua." Nikamjibu, "Inshallah bibi, tena bado sana," nikaendelea kusugua. Nilikuwa nawaza sekunde.

Jumapili asubuhi nilimwambia Shangazi nalipeleka gari kwa Maganga kubadilisha oili. Hakukuwa na harusi yoyote kwenye daftari, nililitazama mara mbili. Gereji tulitoa kila kilichotoka. Tairi la akiba, jeki, kiti cha abiria, mazulia. Hata pochi yangu niliiacha kwenye kabati la spana, simu ikiwa ndani, kwa sababu Maganga alisema kinachogongagonga kinaiba akili ya dereva. Mwisho likabaki turubai la kijani na vyuma vyake.

"Hivi peke yake ni mtu mzima na nusu," Maganga alisema.

Nilijua. Nilisimama pale nikapiga hesabu ya kijinga: kwenda saa moja, kurudi saa moja, mbio saa moja. Nani atakufa katika saa tatu? Nikashika upande mmoja, Maganga akashika wa pili, tukalishusha. Gari lilinyanyuka kidogo nyuma kama mtu aliyevua mzigo kichwani, na nakumbuka niliona vizuri, nilifurahi.

Barabara yenyewe ilikuwa ndani huko, mbele ya Kibada. Kampuni moja ilipima viwanja, ikaweka lami ya kunyooka isiyopungua kilomita, kisha wanunuzi hawakuja upesi, ikabaki lami nzuri inayotoka kwenye mikorosho na kuingia kwenye mikorosho. Kulikuwa na magari manne ukihesabu letu, na watu wapatao ishirini, mama mmoja anauza mihogo ya kukaanga, na mwalimu kavaa kofia na filimbi shingoni. Alinisalimu kwa adabu, akanipa chaki, akaniambia nikimbie mara moja ya majaribio ndipo niandike.

Nilisimamisha tairi za mbele kwenye mstari wa chokaa. Mwalimu akashusha kitambaa. Niliachia klachi kwa namna yangu ya siku zote, kisha nikaushusha mguu, na safari hii sikuuzuia. Ulikwenda, ukaenda, ukagonga sakafu. Kumbe inaishia hapo. Kelele ilitoka chini ya makalio yangu, nilikuwa sijawahi kuisikia, gari langu mwenyewe likiniongelesha kwa sauti nisiyoijua. Usukani ulitetemeka, kioo cha pembeni kikajikunja chenyewe. Gia ya pili, ya tatu. Wanasema mtu akiwa kwenye mwendo anaona kila kitu kimefifia, lakini mimi niliona kila kitu: muhogo mkononi mwa mama, chawa wa mbwa aliyekaa kando, vyote. Sindano ya mwendo ilifika mahali ambapo kioo chake kilikuwa na vumbi la miaka kwa kukosa mgeni. Mwalimu akasoma sekunde ishirini na tatu na nukta tisa. Nikaandika 24 kwenye kioo, kubwa, kama bei ya nyanya.

Raundi ya kwanza nilipangwa na dereva teksi wa Mbagala. Yeye aliondoka kwa kishindo, matairi yakapiga kelele, watu wakashangilia, na saa ikasema amepitiliza, amefika nusu sekunde mapema kuliko alivyoandika. Mimi nilipata ishirini na nne na nukta mbili. Hapo ndipo nilipoelewa, na furaha ya kuelewa sijaipata tena kwa kiasi kile. Wenzangu wote walijua kukimbia. Mimi nilijua kurudia. Miaka miwili ya sufuria la maji ilikuwa imenifundisha kuondoka vile vile kila mara, gia mahali pale pale, bila kutia chumvi. Zikabaki gari mbili, mimi na Naufali aliyeandika 15.

Tukiwa tunasubiri, Maganga alinijia akiwa na simu yake mkononi. "Bi Zuhura kapiga mara tatu. Sikusikia kwa makelele."

Niliiona. Jina la Shangazi, na namba tatu pembeni. Nataka niliandike hili kama lilivyokuwa, kwa sababu nimelizunguka miaka mingi. Sikusahau, na wala sikukosa kuiona simu. Niliitazama na moyo ukagonga mara moja, nikajua kwamba Shangazi hapigi mara tatu kwa jambo dogo, na nikajiambia uongo haraka sana kabla moyo haujagonga mara ya pili.

"Ni vitunguu," nilisema. "Atakuwa anataka nipitie vitunguu. Nikimaliza hii nampigia."

Maganga aliniangalia, akairudisha simu mfukoni mwa ovaroli.

Niliondoka kwanza. Sekunde tisa nilikuwa peke yangu barabarani, kisha nikamwona Naufali kwenye kioo, doa jekundu linalokua. Alinipita hatua chache kabla ya mstari, kwa upepo ulioyumbisha bodi yangu tupu, watu wakaruka wakipiga mayowe. Kisha mwalimu akapuliza filimbi akasoma. Naufali, kumi na nne na nukta sita, amepitiliza. Kirikuu, ishirini na nne na nukta moja. Naufali alicheka, akaja kunipa mkono na zawadi, ambayo ilikuwa galoni la oili. Yaani uongo wangu wa asubuhi ulilipwa na kuwa kweli. Nilikuwa bado nimelipakata lile galoni Maganga aliponipa simu ikiwa imeshaita.

"Sikudhani amefariki," Shangazi alisema. "Turubai liko wapi?"

Alikuwa ameanguka wakati akitawadha alfajiri, na habari ilimfikia Shangazi nikiwa nimeshaondoka. Safari ya kurudi sitaisimulia kwa urefu. Kongowe magari yamesimama, klachi inaniruka mguuni kwa mara ya kwanza tangu siku za ndoo nne. Gereji tukapakia turubai na vyuma. Tulifika kwa Bi Sikudhani saa nane, na nilipopinda kona niliona kivuli. Kilikuwa cha bluu. Kulikuwa na turubai limeshasimamishwa la jamaa mmoja wa Mtoni, lenye jina lake kwa herufi nyeupe pande zote nne pamoja na namba ya simu, na chini yake watu wa Bi Sikudhani wamekaa kwenye viti vya jamaa huyo. Baadaye niliambiwa walikaa juani tangu saa tatu mpaka saa sita, wengine wamejifunika mikeka, mpaka Shangazi mwenyewe akaomba namba ya mshindani wake na kumpigia.

Shangazi alitoka ndani kwa wanawake akaja hadi barabarani. Alikuwa mkavu, hana chozi. Watu wakanyamaza, kwa sababu mtaa mzima ulijua sifa yake na ulikuwa umeshaanza kujiuliza. Nami nikafungua mdomo.

"Gari lilikuwa limefunguliwa, Shangazi. Simu hatukuziona."

Ndipo Maganga aliposhuka toka nyuma kwenye bodi. Alijitupa chini mbele ya gari, mavumbini, akanyoosha miguu. "Wazaramo waongo!" alipiga kelele. "Waongo mpaka msibani! Nani kafungua gari? Mie fundi nawaambia, huyu binti yenu alikuwa Kigamboni anashindana mbio na Mwarabu! Na kirikuu! Kashusha turubai la marehemu ili awe mwepesi! Simu ya shangazi yake kaiona, kasema hivi vitunguu, ngojeni nishinde kwanza! Na kashinda! Kapewa oili, hii hapa! Nilipeni, Wazaramo, nimewaletea bingwa, au siondoki, maiti haipiti!"

Watu walicheka. Utani ni hivyo, mtani anasema lolote na hakuna wa kumkasirikia, na kadiri linavyozidi kuwa la ajabu ndivyo linavyopoza. Hata watoto wa marehemu walicheka huku wanajifuta, wakamrushia noti mbili tatu ili asimame. Hakuna aliyedhani ni kweli. Mbio za kirikuu! Katikati ya kicheko kile Shangazi alikuwa ananitazama mimi, na mimi sikuweza kucheka, kwa hiyo akajua kila neno. Akanyoosha kiganja. Nikaweka ufunguo.

Nilimchukia Maganga muda mrefu. Miaka ilipopita nilimuuliza kwa nini, akaniambia, "Mtani ndiye mwenye ruhusa. Ningeiachia nafasi ile, uongo wako ungekaa pale kwenu mpaka leo, na mngeula kila siku." Sasa naona alinitendea wema. Wakati ule niliona amenivua nguo.

Siku arobaini Shangazi alinisemesha kwa mambo ya kazi tu: leta, weka, osha. Shikamoo yangu aliiitikia, kwa sababu shikamoo haina kosa. Aliajiri dereva, kaka mmoja aliyeendesha kama anakimbizwa na nyuki, na mara mbili pilau lilifika limehamia upande mmoja wa sufuria. Shangazi alilitazama, kisha akaniangalia. Ijumaa hakukaangwa samaki. Kijaluba cha pilipili kilichosahauliwa kwetu kilibaki juu ya kabati, na hakuna aliyekigusa. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba hakuwa akilia. Usiku nilikuwa nikilala katikati ya viti nasikiliza, na upande wa pili wa ukuta nilimsikia amekaa kitandani, macho, kimya. Nilifikiri nitaondoka. Nilikuwa hata nimekunja nguo.

Arobaini ya Bi Sikudhani ilisomwa chini ya turubai la kijani. Vyuma nilivibeba mwenyewe begani, kimoja kimoja, na nililifunga kila kamba kwa mkono wangu. Kesho yake asubuhi nikiwa napiga pasi vitambaa, ufunguo ulidondoka mkekani mbele yangu.

"Nipeleke," Shangazi alisema.

"Wapi?"

"Huko."

Tulikwenda mpaka Kibada. Ilikuwa siku ya kazi, barabara ya viwanja haina mtu, mbuzi wawili wamelala juu ya lami. Nilishuka kuwafukuza. Mstari wa chokaa ulikuwa bado unaonekana kidogo. Shangazi aliutazama, akatazama ile lami ndefu inayoingia mikoroshoni.

"Simu yangu uliiona?"

"Niliiona, Shangazi."

"Ukasema nini?"

"Nilisema ni vitunguu."

"Vitunguu," alirudia. "Haya. Nataka nikione hicho kilichokuwa kitamu kuliko simu yangu."

Nilimuuliza kama nishushe turubai. Niliuliza kwa ujinga tu, maneno yakatoka. Akanigeukia pole pole. "Halishuki," alisema, akaifunga kanga yake kichwani, akashika dashibodi kwa mikono miwili.

Niliondoka vile vile, kama nimebeba maji. Kisha nikaushusha mguu mpaka mwisho. Gari lilikuwa zito, lilinguruma na kulalamika, vyuma vikaimba nyuma, na pembeni yangu Shangazi alikuwa amefumba macho kabisa, midomo inakwenda. Tulipita mahali pa mwalimu, nikaanza kupunguza taratibu, tukasimama chini ya mkorosho wa mwisho. Hapa ndipo Maganga anapoishia anapoigiza, kwa sababu ndipo nilipoishia kumsimulia.

"Ndo imeisha?" Shangazi aliuliza, macho bado kayafumba.

"Imeisha."

Akayafungua. "Hiki hiki?"

"Hiki hiki, Shangazi."

Akatazama mbele, akatazama mikono yake, ilikuwa bado imeshika. Kicheko kikamtoka kwanza puani. "Sikudhani angejikojolea humu ndani," alisema, "angejikojolea akanisingizia mie." Alicheka akainamia magoti, na pale pale magotini kicheko kikageuka. Alimlilia shoga yake kwa sauti, siku ya arobaini na moja, kwenye barabara isiyokwenda popote, akimwita kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Nilizima injini. Nilitaka kusema nisamehe, nikaogopa neno langu lisije likamkatiza.

Alipomaliza alijifuta kwa pindo la kanga. Akaniuliza kama turubai bado lipo. Nikageuka kutazama kwenye kioo cha nyuma.

"Lipo."

"Basi rudia," Shangazi alisema, akashika tena. "Na mara hii sifumbi macho."